Kumfuata Mama Muyinga kwa Mkorea

Tangu nirudi sina raha ya kutembea. Nikipita sokoni Buraza nashikwa mkono: "Leonidasi, hebu tuambie, ilikuwaje?" Na ninyi mliobaki upande wa Kibondo mnapiga simu kila Jumapili baada ya misa. Kila mmoja nimemsimulia kipande, na sasa vipande vimeanza kugombana. Nimesikia kwamba gari lilipinduka mara mbili. Nimesikia pia kwamba mama ndiye aliyekuwa anaendesha. Jamani! Basi naandika mara moja, yote, na atakayeniuliza tena nitampa karatasi hii.

Wasionijua vizuri: mimi ni seremala. Nilibebwa mgongoni kwenda Tanzania, nikakulia kambini, nikarudi Burundi amani ilipopatikana. Mwaka huu mimi na shemeji yangu tumenunua gari dogo lililotumika, rangi ya chai ya maziwa, limetoka Korea. Habari za kulinunua na makaratasi yake naziruka, maana hata nikizikumbuka kichwa kinauma. Jina la kampuni pia silitaji. Hapa kwetu gari la namna hiyo linaitwa Mkorea tu, na kila mtu ana la kusema juu yake, hasa yule asiyekuwa na gari.

Nililihitaji kwa ajili ya mama. Mama yangu, Spesiyoza, alibaki Ngara, bonde moja tu kupita mpaka. Hakukataa kurudi nyumbani. Alikataa magari. Tangu nipate akili sijamwona akipanda gari, hata siku moja. Kambi ilipofungwa na watu wakapandishwa mabasi na malori ya kurudi, yeye alikunja mkeka wake akaenda kukaa kwa rafiki yake, akisema atarudi kwa miguu akipata nafasi. Miaka ikapita, miguu ikachoka. Sisi watoto tulidhani ni kumbukumbu za malori ya vita, na hatukumchokonoa. Mwaka huu akatuma neno: anataka kulala Buraza kabla miguu haijakwisha kabisa. "Leonida akija mwenyewe, na gari liwe lake, nitafika Muyinga nilitazame."

Mnaona alivyosema? Nilitazame. Hakusema nitapanda. Niliondoka na hofu hiyo.

Buraza hadi Gitega

Barabara yetu ya udongo mnaijua. Hakuna kulia wala kushoto, unaendesha katikati ukikwepa mashimo, na ukikutana na mwenzako mnapishana kama watu mlangoni. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Bukirasazi nilisimama kununua ndizi mbivu. Niliporudi garini nikawasha, nikaenda mwendo mzuri tu, mara nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Roho iliniruka! Mwanamume mzima, koti la suti, kuku wawili mapajani, amekaa kimya kama yuko kanisani.

"Wewe nani?"

"Mi naenda Gitega," akasema, akashangaa kwamba nashangaa. Alidhani ni teksi. Nikamwambia si teksi. Akasema sawa, na hakushuka. Mpaka Gitega alikuwa ananilipa nauli ya maoni. "Iyi ni Mkorea. Iko laini sana. Ile ya Mjapani ukiigonga, unagonga nyundo tena, inarudi. Iyi ukiigonga, unalia." Nikamuuliza amewahi kuwa na gari gani. Akasema baiskeli.

Gitega nilimpitia Saidi, fundi wa mtaa wa Waswahili, ambaye baba yake na babu yake walikuwa mafundi pia, wa cherehani na wa redio. Nilikuwa nasikia sauti fulani, ngo-ngo-ngo, nikataka anihakikishie. Saidi hakufungua kitu. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya mgonjwa. Kisha akaosha mikono.

"Ni beringi ya mkanda. Itakufikisha Muyinga. Kurudi, mi sijui."

"Hujui vipi? Nakwenda kumchukua mama yangu!"

"Basi alors tunaenda wote. Lakini piyesi ya Mkorea hapa Gitega apana. Ya Mjapani unaikuta ata kwenye soko ya maharage. Ya Mkorea lazima umtafute mutu mwenye yake ilikufa."

"Nani gari lake limekufa, atupe kipuri?"

"Iko mama moja Mutoyi."

Tukala kwanza, maana Saidi hafikiri akiwa na njaa. Mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, pilipili ya kutoa machozi. Alikula mishikaki mitano na akaniambia kwamba sababu moja ya kumpenda Mkorea ni usukani. "Korea wanaendesha kuume kama sisi. Donc vola iko kushoto, pahali pake. Ile inapita Dar es Salaam inakuya na vola kuume, ukitaka kupita lori lazima umuulize mwenye kukaa pembeni yako: kuko mutu? Na yeye kama iko analala?" Nikacheka. Mimi kuendesha nilijifunzia Kibondo, kwenye pikapu ya mfanyabiashara, usukani kulia na barabara kushoto. Nikamwambia sasa nimeshazoea. Nilisema hivyo bila wasiwasi wowote.

Mutoyi

Tulikunja njia kwenda Mutoyi kutafuta gari lililokufa, nikiona saa zinanipita na mama kesho yake ananingoja Muyinga. Mama Godeliva tulimkuta nyuma ya nyumba yake, anaokota mayai. Aliyaokota wapi? Ndani ya Mkorea! Gari kama langu, rangi tu tofauti, halina magurudumu, kuku wametaga kwenye kiti cha dereva. Nilisimama mdomo wazi. Nilijiona mimi na shemeji yangu tukigombania mayai.

"Karibuni, bana banje, wanangu," akasema, na kabla hatujaeleza shida yetu vikombe vya maziwa vilikuwa mbele yetu. Mimi, tumbo likiwa na mbuzi, nikasema asante mama, nimeshiba. Saidi akanikanyaga mguu. Mama Godeliva akaondoa kikombe polepole, akasema, "Huyu kalelewa mbali." Nilipoelewa kwamba nimemkosea, niliomba kikombe kirudi, nikanywa, nikaongezewa, nikanywa. Tumbo langu mpaka leo linakumbuka.

Nikamuuliza juu ya gari lake, nikitegemea malalamiko. Alilinunua akiwa mjane, akalitumia kubebea maziwa na wagonjwa wa kilima kizima. Rangi ilibanduka, vioo vikagoma kupanda, mlango mmoja ukafungwa kwa kamba. "Lakini halijaniacha njiani hata siku moja," akasema. "Limefia nyumbani."

Saidi aliingia chini ya boneti akatoka na beringi, akaizungusha kidoleni, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa kwamba inafaa. Nikatia mkono mfukoni. Mama Godeliva akaushika mkono wangu akaurudisha. Akasema kitu cha namna hii hakiuzwi. Aliyepewa ng'ombe hurudisha ndama: gari langu likifa, nitampa mwenye shida piyesi zake, bure, na nimpe maziwa pia, hata akisema ameshiba.

Karuzi

Tulilala Gitega, tukaondoka alfajiri kwa barabara ya lami. Mbele yetu kulikuwa na gari la mizigo, nikalifuata kulia kwa adabu. Karuzi ngo-ngo-ngo ikawa kelele, na mvua ikashuka hapohapo. Tukaingia chini ya kibaraza cha duka la mbao, na Saidi akaanza kufungua. Saa tatu nzima! Mwenye duka alitupa ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa huku kwetu, nami nikawa naangalia mvua na kumwona mama kichwani, akifika Muyinga, akitukosa, akigeuza.

Saidi ili kunituliza akanisimulia kampuni ya gari langu, alivyosikia kwa mfanyabiashara anayeyaleta.

"Unajua walianza na nini?"

"Na gari."

"Apana. Na vyuma vya baiskeli."

Nikamtazama. Akaendelea huku mikono yake iko ndani ya injini. Ilikuwa karakana ndogo. Vita vikaingia kwao, watu wakakimbilia kusini mpaka mji wa bandari, hakuna pa kwenda tena, mbele ni bahari. Na huko, katika kukimbia, ndiko walikotengeneza baiskeli yao ya kwanza kamili. Baadaye vigari vya magurudumu matatu, baadaye magari. Kisha wakaanguka vibaya, mshindani wao akawanunua, na leo wako nyumba moja.

"Wakimbizi?" nikasema. "Wakimbizi ndio walioanza?"

"Njo nakwambia. Vraiment. Baiskeli, na mutu anakimbia vita."

Sikuamini, nikamwambia fundi naye ni mtu wa hadithi. Lakini ngozi ilinisisimka, na nitawaambia kwa nini. Kitu pekee ninachokumbuka juu ya baba ni baiskeli. Nilikuwa na miaka mitatu. Nakumbuka godoro limefungwa kwenye keria, sufuria inalia, na mgongo wake mbele. Mama alituambia vita vilimchukua tukivuka mto Ruvubu. Baiskeli sikuwahi kuambiwa ilikwenda wapi, na kama mtoto nililia zaidi kwa ajili ya baiskeli. Siku ile chini ya kibaraza, mtu mzima na ndevu zangu, nililia kidogo, nikasingizia pilipili ya jana.

Mvua ilipokata, injini ilikuwa kimya kabisa. Saidi alinipa bisibisi nisikilize mwenyewe. Sikusikia chochote, nikaitikia kwa kichwa kama ninayejua.

Muyinga

Mama hakuwa amegeuza. Alikuwa amekaa juu ya keria ya baiskeli, pembeni mwa soko la Muyinga, kijana aliyemleta kutoka mpakani ameshikilia usukani, na yeye hajashuka, kitenge kimekaa sawasawa. Nilishtuka alivyopungua. Niliacha mama mrefu, nikakuta bega lake linanifikia kifuani.

Tukasalimiana kwa kile Kirundi-Kiswahili chetu cha kambini, tukakumbatiana, akalia, nikalia, Saidi naye akaangalia pembeni. Kisha mama akafuta uso, akasema, "Liko wapi?"

Alilizunguka gari mara mbili bila kuligusa. Saidi akamsifia kama anayeuza: injini haina sauti, halikai njiani, piyesi ngumu lakini Mungu yupo. Mama akainama akachungulia ndani. Mara, bila kuambiwa na mtu, akafungua mlango wa mbele wa kushoto akaanza kuingia. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, anapanda! Goti lake likagonga usukani.

Alirudi nyuma kama aliyeona nyoka. Saidi akacheka. "Mama, ile ni pahali pa shofeli! Uko Burundi sasa!"

Mama hakucheka. Uso wake ulibadilika, na mimi sikuelewa.

"Usukani uko huku?"

"Ndiyo, mama. Tanzania abiria anakaa kushoto, hapa anakaa kulia."

"Na wewe, Leonida, unapita upande gani wa barabara?"

"Kulia, mama."

"Sema tena."

"Kulia."

"Tena."

Nikasema mara ya tatu, kama mtoto wa katekisimu, nikijizuia nisicheke. Mama alisimama pale muda mrefu sana. Watu wa sokoni wakaanza kutuangalia. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akakaa nyuma yangu, si nyuma ya Saidi, akafumba macho, akaweka mkono wake wa kulia juu ya bega langu la kulia.

"Twende," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumwona mama ndani ya gari. Nilitaka kupiga honi Muyinga nzima isikie.

Mananasi

Sasa sikilizeni, maana hiki ndicho mnachokiulizia.

Mkono haukutoka begani. Nilimwambia mama pumzika, egemea, akasema ameegemea. Pole kwa pole akaanza kuzungumza, habari za Ngara, nani kaolewa, nani kafa, mbuzi wa jirani aliyekula kitambulisho. Nikacheka mpaka machozi. Saidi alikuwa ameshasinzia kwa mishikaki ya Muyinga. Barabara tupu, imeoshwa na mvua, mikaratusi huku na huku.

Tukakuta wanawake wanauza mananasi, upande wa kushoto. Mama anapenda mananasi. Nikavuka, nikasimama pembeni yao, nikachagua manne, nikarudi garini, nikawasha, nikaondoka. Mama akaendelea na hadithi ya mbuzi. Kila kitu kilikuwa kama zamani, sauti yake, Kiswahili chetu cha kule, mimi nikiwa mtoto. Na mikono yangu ikafanya ilichofundishwa Kibondo. Nilikaa palepale nilipokuwa nimesimama, kushoto, nikaenda, na nikajiona niko sawa kabisa. Mazoea yana tabu.

Kona. Lori la mizigo, kubwa, karibu, na mimi nikawaza, huyu mjinga mbona yuko upande wangu?

Mama hakupiga kelele. Vidole vyake viliingia begani, na akanivuta kuelekea kulia kwa nguvu ambayo sijui aliitoa wapi. Mwili wangu ukaenda, mikono ikafuata, usukani ukafuata. Honi ya lori ilipita sikioni mwangu. Tukaishia kwenye mtaro wa kulia, chini ya mkaratusi, injini imezima. Nanasi moja lilikuwa mapajani mwa Saidi, naye anauliza, "Ni nini? Ni nini?"

Hakuna aliyeumia. Gari lilikunjika kidogo mbele, ile sehemu laini aliyoisema mtu wa kuku. Nilingoja mama afungue mlango, ashuke, aanze kutembea kwa miguu kwenda Buraza. Ningemwelewa.

Hakushuka. Mkono ulikuwa bado begani.

"Baba yako hakufia Ruvubu," akasema.

Sikugeuka. Nilimtazama kwenye kioo.

"Ruvubu tulivuka salama. Risasi zote tulivuka. Tulikuwa na wiki mbili Tanzania. Wewe nilikuacha na shangazi, mimi na yeye tukaenda kutafuta kuni kwa baiskeli, nimekaa kwenye keria, mkono wangu hapa." Akanibonyeza bega. "Alipita kulia, kama kwetu. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba kule ni kushoto. Gari likaja. Mimi nililiona, Leonida. Nililiona mapema. Nikasema moyoni, huyo atatupisha, sisi tuko upande wetu. Sikumvuta."

Saidi alivua kofia yake.

"Dereva alilia kuliko mimi. Alikuwa kijana, hakuwa na kosa. Ningewaambia nini nyinyi? Mtu amevuka vita, halafu anauawa na upande wa barabara? Watu wangecheka kwenye kilio chake. Nikasema ni mto."

Nilikaa pale chini ya mkaratusi, sijui nimlilie baba upya au nimwombe mama msamaha, na kwa kosa lipi. Miaka yote ile alikuwa amebeba peke yake kwamba aliona na hakuvuta. Nikashika mkono wake pale begani. Nikasema, "Leo umevuta, mama."

Akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Baadaye kidogo akasema, "Basi washa."

Wanaume wa kilima walitusukuma kutoka mtaroni, kila mmoja akitoa maoni yake juu ya Wakorea. Saidi alisikiliza injini kwa bisibisi, akasema iko kimya. Niliwasha, nikapita kulia, na kila baada ya kilima mama aliuliza, "Upande gani?" nami nikajibu, "Kulia." Kupita Karuzi, kupita Gitega tulikomshusha Saidi, aliyenikumbatia bila kusema neno, jambo ambalo kwake si la kawaida. Bukirasazi mtu mmoja alitaka kupanda akidhani teksi. Mama alimtazama, yule mtu akaghairi.

Mnaniuliza kama Mkorea ni gari zuri. Sijui. Ni laini, piyesi zake ni za kuomba, na halijatuacha njiani. Mengine muulizeni mama, lakini taratibu.

Jua lilikuwa bado juu tulipoiacha lami tukaingia udongo wetu, ule usio na kulia wala kushoto. Nikashika katikati, nikaanza kukwepa mashimo. Mama hakuuliza upande. Tulipoanza kuona migomba ya nyumbani, nikahisi bega langu jepesi. Mkono ulikuwa umeshuka. Nilitazama kwenye kioo: alikuwa ameegemea mlango, nanasi mapajani, amelala.